Neno la Mhariri: Dhamana Haihami na Data

Toleo hili tumelitenga kwa shauri moja ambalo siku hizi halikosekani katika mabaraza ya waandaaji wa programu, nalo ni shauri la kuihama hifadhidata ya majedwali na kwenda kwenye hifadhi za NoSQL, kama vile Cassandra na MongoDB. Makala zilizomo zitamwonyesha msomaji njia na zana za kazi hiyo. Neno hili la utangulizi lina muradi mmoja tu, nao ni kubainisha kuwa data, pamoja na wingi wake wote, ndiyo sehemu nyepesi ya mzigo, na kwamba kilicho kizito ni dhamana ambayo hifadhidata ya zamani ilikuwa ikiibeba bila ya kudai shukrani, na ambayo haiendi popote mpaka atokee mtu wa kuipokea.

Mwaka 1970 E. F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, alitoa makala iliyopendekeza kuwa data ipangwe kwa mahusiano ya majedwali, ili mtumiaji aulize atakalo pasipo kulazimika kujua namna mashine ilivyoipanga ndani yake. Juu ya msingi huo zikajengwa kanuni ambazo leo hatuzitazami mara mbili: kwamba kila habari ikae mahali pamoja, ili ikisahihishwa iwe imesahihishwa kwa wote, kwamba oda isikubaliwe ikiwa mteja wake hayumo katika jedwali la wateja, na kwamba muamala wa fedha utimie pande zote mbili, ya mtoaji na ya mpokeaji, au usitokee kabisa. Hifadhidata ya namna hii ni bawabu mkali: hajali mgeni ametumwa na programu ipi, wala kama aliyeiandika programu hiyo ni bingwa au mwanafunzi wa jana, asiyetimiza sharti haingii. Na mwenye nyumba aliyezoea bawabu wa sampuli hii husahau kwamba mlango una haja ya kulindwa.

Wala hatusemi kwamba wanaohama wanahama kwa upuuzi. Agosti 2008 hifadhidata ya Netflix iliharibika, na kwa muda wa siku 3 kampuni hiyo ikashindwa kuwapelekea wateja wake DVD. Msiba huo ukawafunza hatari ya kuegemeza shughuli nzima kwenye mfumo mmoja mkubwa, wakaanza kuhamia kwenye seva za kukodi za Amazon, na sehemu kubwa ya data yao wakaiweka katika Cassandra, ambayo hutawanya nakala katika mashine nyingi hata moja ikifa zilizobaki zikaendelea na kazi. Lakini faida hiyo haipatikani bure. Katika Cassandra hakuna kuyaunganisha majedwali wakati wa kuuliza. Mtu huanza na swali, kisha akaunda jedwali la kulijibu, na maswali matatu juu ya data ile ile aghalabu humdai majedwali matatu, kila moja likirudia habari zilizomo katika mwenziwe. Mteja akibadili anwani, ni juu ya programu kukumbuka kuisahihisha kila ilipo. Ikisahau jedwali moja, hifadhi haitalalamika, na anwani mbili zitakaa pamoja, kila moja ikisomwa kuwa ni sahihi.

Yafaa basi kuzingatia jinsi Netflix walivyohitimisha kazi yao. Walipoufikia mfumo wa kuwatoza wateja ada, uliokuwa miongoni mwa mifumo ya mwisho kuhama, miamala ya fedha waliitoa katika Oracle wakaipeleka MySQL, yaani kutoka majedwali hadi majedwali. Uhamisho wote ukakamilika Januari 2016, baada ya miaka 7 na ushei. Watu walioijua Cassandra kupita wengi waliona kwamba hesabu za fedha bado zinamtaka bawabu wake.

Wako pia waliohama kinyume, kutoka NoSQL kurudi kwenye majedwali. Gazeti la The Guardian la Uingereza, lililokuwa likihifadhi makala zake katika MongoDB, lilizihamishia PostgreSQL mwaka 2018. Si kwamba umbo la nyaraka halikuzifaa, maana huko nako ziliendelea kuhifadhiwa kwa muundo wa JSON. Kilichowachosha wahandisi wake ni ulezi wa mashine za MongoDB, uliowaangukia wao wenyewe. Na namna walivyohama ni funzo: waliujenga mfumo mpya kando ya wa zamani, maombi yakapelekwa kote kuwili, na majibu yakalinganishwa kabla ya ule wa zamani kuachwa.

Wako watakaotujibu kwamba hifadhi za NoSQL zimekwisha komaa, na kwamba MongoDB, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018, inaruhusu muamala mmoja kugusa nyaraka nyingi. Ni kweli, na ni jambo la kheri; lakini chombo cha kulinda kanuni hakimfaidii asiyejua kanuni zenyewe ni zipi, na nyingi katika hizo tumezirithi ndani ya hifadhidata zilizoundwa na watu waliokwisha kuondoka kazini, wala hazikuandikwa mahali pengine popote.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kabla ya kuhamisha hata safu moja, ziorodheshwe kanuni zote ambazo hifadhidata ya zamani ilikuwa ikizitekeleza, kila ufunguo unaofunga jedwali na jedwali, kila sharti la kutojirudia, kila muamala. Na mbele ya kila kanuni itajwe programu itakayoilinda pamoja na mtu atakayeulizwa siku itakapovunjwa. Kanuni iliyopata mlinzi, data yake na ihame kwa salama. Iliyomkosa, data yake ibaki ilipo, wala aliyeibakisha asihesabiwe kuwa ameachwa nyuma na zama zake.