Ulinganisho Bila Pazia Si Ulinganisho

Miongoni mwa wapenzi wa vyombo vya muziki vya nyumbani ipo desturi waiitayo kulinganisha. Mmoja humwalika mwenzake, humkalisha kwenye kiti cha katikati, humpa chai, kisha hubadilisha amplifaya au waya mbele ya macho yake huku akimtajia jina la chombo na bei yake. Wimbo ukiisha, huuliza: "Umesikia, ndugu yangu, jinsi sauti ilivyofunguka?" Mgeni hujibu kwamba amesikia. Angejibu nini? Yumo nyumbani kwa mtu, chai ameshainywa, na adabu haimruhusu kumwambia mwenyeji kwamba dola elfu mbili zimekwenda na maji. Kilichopimwa hapo ni adabu ya mgeni, sauti haikupimwa.

Desturi hii inastahili kushtakiwa Minneapolis na Saint Paul kabla ya kwingine, kwa kuwa miji hiyo pacha ina haki ya kujivunia sauti. Kampuni ya 3M, yenye makao yake upande wa Saint Paul, ilitengeneza tepu za sumaku zilizobeba muziki wa dunia. Jim Winey, mhandisi aliyefanya kazi 3M, alianzisha Magnepan mwaka 1969, na hadi leo spika zake bapa, zenye utando mwembamba badala ya koni, hutengenezwa White Bear Lake. Mwaka 1970 William Zane Johnson alianzisha Audio Research na kuzirudishia heshima amplifaya za vali za kioo wakati wengi walikwisha kuzizika. Wahandisi hao walifanya kazi kwa vipimo. Wanunuzi wao wengi hufanya kazi kwa uvumi.

Kosa lao la kwanza ni la sauti kuzidiana. Chombo kimoja kikilia kwa nguvu kidogo tu kuliko kingine, hata kwa nusu desibeli, msikilizaji hasemi kwamba kimelia zaidi. Husema kwamba kina uhai zaidi. Asiyesawazisha nguvu ya sauti kwa mita kabla ya kulinganisha amekwisha kuamua mshindi bila kujua. Kosa la pili ni la macho. Anayeiona amplifaya nzito yenye uso wa alumini husikia uzito na alumini. Waswahili walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii, waya hutembezwa na bei yake.

Ushahidi ulijileta wenyewe mwaka 2022. Kwa miaka kadhaa kampuni ya Mobile Fidelity ilikuwa ikiuza santuri za bei kubwa, na wanunuzi wake waliamini kwamba zilitoka kwenye tepu za asili bila kupita katika dijitali. Wengi wao walishika imani kwamba dijitali huua muziki, na santuri hizo ndizo walizozitoa mfano wa sauti isiyoguswa. Mwezi wa Julai mwaka huo mafundi wa kampuni walikiri kwamba nyingi zilipitia hatua ya dijitali. Masikio yaliyojigamba kuitambua dijitali toka mlangoni yalikaa nayo sebuleni miaka yote hiyo yakiisifu.

Mashabiki wa Minneapolis hawana udhuru wa kushangaa. Mwaka 1978, katika studio ya Sound 80 mjini mwao, orkestra ya Saint Paul Chamber Orchestra ilirekodi kazi ya Aaron Copland kwa mashine ya dijitali ya majaribio iliyoundwa na 3M. Rekodi hiyo iliuzwa kwenye santuri na kushinda tuzo ya Grammy. Jengo la studio hiyo sasa lina maabara ya Orfield, ambayo chumba chake kisicho na mwangwi kilitambuliwa na Guinness mwaka 2004 kuwa mahali patulivu kuliko pote duniani. Mji wenye chumba kama hicho hauwezi kusema haujui maana ya kupima.

Hutetea wengine kwamba sikio si mizani, kwamba uzuri wa chombo hujitokeza polepole, baada ya wiki na miezi. Na iwe hivyo. Asikilize miezi mitatu, mradi asijue ni kipi kinacholia. Pazia halina haraka. Linachokataa ni bei kuingia sikioni. Mwenzake abadilishe vyombo nyuma ya pazia mara 16, naye ataje kila mara anachosikia. Anayebahatisha hupata 12 au zaidi mara chache kuliko 4 katika kila 100. Anayezipata apewe heshima yake. Anayeukataa mtihani amekwisha kutoa jibu.

Pazia hilo halitavifanya vyombo vyote kuwa sawa. Spika hutofautiana waziwazi, na chumba kina neno kubwa. Spika bapa za Magnepan hutoa sauti mbele na nyuma, hivyo kuzisogeza mbali na ukuta, kazi isiyogharimu hata senti, kwaweza kubadilisha muziki kuliko waya wowote unaouzwa.

Hasara kubwa zaidi ya desturi hii ni kumfundisha mtu kuuita muziki kipimo cha chombo. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zake zikapigwa katika gramafoni za kuzungushwa kwa mkono. Watu wa Zanzibar waliozisikiliza hawakuuliza upana wa jukwaa. Waliuliza fumbo limemlenga nani. Leo, katika nyumba za Waafrika Mashariki walioko Minneapolis, zipo kaseti za taarab na za harusi zinazochakaa kabatini, pengine zikiwa nakala pekee. Kuzihamisha kunahitaji deki iliyo nzima, kichwa kilichosafishwa na kusawazishwa, na saa chache za subira. Mwenye kununua waya wa dola elfu mbili huku kaseti ya mama yake ikioza hana haki ya kujiita mpenzi wa sauti. Sauti aliyopaswa kuipenda inanyamaza, na hakuna chombo cha bei yoyote kitakachoirudisha.