Mkato Usionekane, Sawa. Lakini Mkataji?

Kuna msemo katika biashara ya filamu ambao umenichosha: uhariri mzuri ni ule usioonekana. Utausikia kwenye warsha, utausikia kwenye mahojiano, utausikia kwa prodyusa anapokueleza kwa nini edita amepangiwa pesa kidogo kuliko gari la kubeba vifaa. Kama fundisho la kazi, msemo una ukweli. Mtazamaji anayeanza kuhesabu mikato ameshatoka ndani ya hadithi. Shida ni kwamba tumeuvua mkato huo msemo tukamvisha mtu. Sasa edita mzuri ni yule asiyeonekana: kwenye bango hayuko, kwenye uzinduzi anakaa nyuma, na kwenye mkataba, kama upo, yeye ni mstari mmoja.

Jipime. Nairobi Half Life, 2012, filamu ya kwanza Kenya kuiwasilisha kushindania Oscar. Nani alicheza Mwas? Joseph Wairimu, utajibu kabla sijamaliza swali. Nani aliielekeza? Tosh Gitonga. Nani aliihariri? Kimya. Ni Mkaiwawi Mwakaba. Vile Mwas anashuka mjini na kuporwa hata hajapumua, vile unarushwa kutoka jukwaa la maigizo hadi genge la wezi mpaka hujui yeye ni nani hasa, kuna mtu alikaa kitini akaamua kila picha iishe sekunde gani. Mtu huyo ana jina, na wengi wetu tulitoka ukumbini kabla halijapita.

Na hiyo ni filamu ya kubuni, ambapo angalau kuna skripti ya kushikilia. Ingia kwenye dokumentari uone moto. Mwelekezi anarudi na diski zimejaa: mahojiano, maandamano, mtoto akinywa uji, saa nzima ya mtu akiendesha gari bila kusema neno. Hakuna ukurasa unaokwambia tukio la kwanza ni lipi. Hadithi inatafutwa mezani, na anayeitafuta usiku kucha ni edita.

Chukua Softie ya Sam Soko. Kamera ilimfuata Boniface Mwangi kwa miaka, kutoka maandamano hadi kinyang'anyiro cha ubunge wa Starehe mwaka 2017. Kwa picha hizo mtu mwingine angetengeneza tangazo la kampeni. Kilichotoka ni hadithi ya nyumba: mkewe Njeri, watoto, na swali la nani anakuja kwanza, nchi au familia. Mwaka 2020, majaji wa tamasha la Sundance waliipa tuzo maalum ya uhariri, ikaenda kwa watu watatu: Soko mwenyewe, Mila Aung-Thwin na Ryan Mullins. Ya uhariri, wasee. Sisi tulipiga makofi kwamba "filamu ya Kenya imeshinda", tukasahau kuuliza imeshinda kwa kazi gani.

Najua jibu linalokuja: "Lakini mwelekezi ndiye mwenye maono." Sipingi. Martin Scorsese pia ana maono, na tangu Raging Bull ya 1980 kila filamu yake ya kubuni imepitia mikononi mwa Thelma Schoonmaker. Mama huyu ana Oscar tatu za uhariri. Kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waliohariri Woodstock, dokumentari ya 1970 iliyompa uteuzi wa Oscar, kisha kwa miaka mingi hakuweza kuhariri filamu za Hollywood kwa sababu hakuwa mwanachama wa chama cha maedita. Chama kile kilimfungia mlango, kweli, lakini ndicho pia kinachowalindia bei na jina walio ndani. Huku kwetu kila edita anapambania bei yake peke yake, kwenye WhatsApp, saa tano usiku.

Na dharau haiko Nairobi tu. Mwaka 2022 waandaaji wa Oscar waliiondoa tuzo ya uhariri, pamoja na nyingine saba, kwenye matangazo ya moja kwa moja. Zilitolewa mapema, hotuba zikarekodiwa, zikakatwakatwa, zikaingizwa baadaye. Yaani waliwahariri wahariri! Kelele zikapigwa, mwaka uliofuata tuzo zote zikarudi.

Sisi kelele tutapigia wapi? Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inasema mtunzi wa filamu ni yule aliyefanya mipango ya filamu hiyo kutengenezwa. Soma hapo tena. Aliyepanga. Edita aliyeitoa hadithi kwenye rundo la diski hatajwi. Kinachobaki kumlinda ni mkataba, na mkataba ndio kitu tunachoona aibu kuuliza, eti utaonekana una kiburi.

Nimewahi kufanya kibarua cha kuandika mahojiano ya dokumentari, neno kwa neno, ili edita apate pa kuanzia. Edita huyo aliambiwa "rekebisha kidogo tu" mpaka akafika toleo la kumi na moja. Faili ziliitwa finali, finali mpya, finali ya mwisho, finali ya mwisho kabisa. Alilipwa toleo moja. Bango lilipotoka, lilikuwa na jina la mtu mmoja, na hakuwa yeye.

"Bajeti ni ndogo." Hiyo bajeti ndogo ilipata droni. Ilipata fulana za uzinduzi. Na hata ikiwa ndogo kweli, jina kwenye bango linagharimu shilingi ngapi?

Kwa hivyo, wewe unayehariri kwa laptopu inayopiga kelele kama posho mill: usipokee diski kabla ya karatasi. Karatasi iseme nusu ya pesa inalipwa mwanzoni, marekebisho ni raundi tatu, ya nne ina bei yake. Iseme jina lako litakaa wapi. Na kama ni dokumentari iliyokuja bila muundo ukaupata wewe, dai jina la uandishi pia, kwa sababu uliandika.

Nasi tunaoandika kuhusu filamu tuache kumsifu mwelekezi kwa "mwendo mzuri wa hadithi" bila kuangalia nani aliupanga. Jina liko pale mwishoni. Linachukua sekunde chache kusoma.

Prodyusa akikwambia karatasi italeta uadui, mrudishie diski yake. Ajaribu kuonyesha watu maono yakiwa bado humo ndani.