Shimo la Panya na Shimo la Mtu

Hapa mjini Amu hakuna kiwanja cha gofu. Vichochoro vyetu ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja amngoje mwenzake, na ufuo wetu ni wa majahazi. Kwa hiyo mwanafunzi aweza kuuliza: sheria za gofu zatuhusu nini? Jawabu langu ni kwamba aliye mbali na jambo huliona kwa jicho lisilozoea, na jicho lisilozoea ndilo liwezalo kustaajabu. Tena, ajifunzaye kupima haki katika jambo dogo la mchezo hatashindwa kuipima katika jambo kubwa la mji.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mtu hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie tunduni, kisha huendea tundu jingine, hata yatimie 18. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Sheria zake za kwanza zijulikanazo ziliandikwa mwaka 1744 huko Leith, karibu na Edinburgh, nazo zilikuwa 13 tu. Leo hutungwa na vyama viwili, R&A cha Uskoti na USGA cha Marekani, navyo vimezijaza kitabu kizima. Msingi wake mkuu ni huu: upige mpira pale pale ulipolala. Msingi huo ni mwema, kwa kuwa wazuia hila. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na upofu wa kuufuata mahali ambapo hauleti haki.

Tuanze na mashimo. Mpira ukitumbukia katika shimo lililochimbwa na mnyama, mathalani panya, mchezaji huruhusiwa kuutoa na kuudondosha karibu na hapo pasipo adhabu. Kiwanja cha Jinja, nchini Uganda, karibu na mahali Mto Nile utokapo ziwani, kimejulikana kwa miaka mingi kwa sharti lake kwamba mpira ulioangukia katika unyayo wa kiboko waweza kuondolewa bure. Hakuna mwenye akili awezaye kulilaumu sharti hilo, maana kiboko hakualikwa mchezoni.

Sasa mtazame binadamu. Mchezaji apigapo mpira aghalabu hukata kipande cha udongo na majani, akaacha kovu ardhini. Adabu yamtaka akirudishe kipande kile au alijaze kovu mchanga. Asipofanya hivyo, ajaye nyuma yake, aliyepiga vema katikati ya njia, aweza kuukuta mpira wake umezama kovuni. Huyu hana ruhusa ya kuutoa pasipo adhabu. Hana budi kuupiga humo humo. Basi panya amesamehewa, kiboko amesamehewa, lakini uzembe wa mtu walipwa na mtu mwingine asiye na kosa. Ikiwa hii si kinyume cha haki, basi sijui kinyume cha haki ni kipi.

Watetezi wa sheria hiyo husema kwamba bahati ni sehemu ya mchezo. Nakubali, lakini bahati si namna moja. Nahodha katika mashindano ya majahazi hailalamikii kusi ikipungua ghafula, kwa kuwa upepo si mali ya mtu. Lakini mwenzake akiacha kamba majini ikanasa usukani wake, je, tutamwambia kwamba hiyo nayo ni bahati? Husema tena: nani ataamua kovu gani limepona na gani halijapona? Wataamua wale wale ambao leo huzungushia mstari ardhi inayotengenezwa na kutangaza kwamba mpira uliomo uondolewe bure. Ugumu wa kuamua haujawa hoja ya kutotenda haki.

La pili ni karatasi ya hesabu. Mwaka 1968, katika mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alilimaliza tundu la 17 kwa mapigo matatu, mbele ya umati na mbele ya televisheni. Mwenzake aliyemwandikia hesabu alikosea akaandika manne, na De Vicenzo akatia sahihi asilione kosa. Sheria ilisema kwamba hesabu kubwa iliyotiwa sahihi haibadilishwi. Mapigo yake 65 yakawa 66, na kwa pigo hilo moja ambalo halikupigwa alikosa nafasi ya kurudiana na Bob Goalby, aliyekuwa sawa naye. Maelfu walijua kweli, ila karatasi peke yake ndiyo haikuijua, na karatasi ndiyo iliyosadikiwa! Sheria ya kutia sahihi iliwekwa ili kumzuia mwongo. De Vicenzo hakusema uwongo. Kosa lake lilimdhuru yeye mwenyewe, wala halikumnyang'anya mtu kitu.

La tatu ni mipaka. Mpira ukizama majini, mchezaji huongezewa pigo moja na kuendelea karibu na hapo. Ukivuka mpaka wa kiwanja kwa upana wa kidole, huongezewa pigo moja, na juu ya hilo hurudishwa alikotoka. Tangu 2019 vilabu vimeruhusiwa, vikipenda, kumwacha aendelee mbele kwa kuongezewa mapigo mawili. Ni hatua njema, lakini ni nusu ya safari.

Wako wasemao kwamba sheria za kale hazigusiki. Mambo yenyewe yawakanusha. Mwaka 2017 Lexi Thompson aliongezewa mapigo manne kwa sababu mtazamaji wa televisheni aliandika barua kwamba siku iliyotangulia aliurudisha mpira mahali pasipo pake kidogo. Mawili yalikuwa ya mpira, na mawili ya kutia sahihi hesabu ambayo wakati ule hakujua kuwa ina kosa. Akashindwa katika marudiano. Watu walipiga kelele, na mwaka 2018 ulipoanza taarifa za watazamaji hazikupokewa tena, na adhabu ile ya pili ikaondolewa. Mwaka 2019 sheria 34 zikawa 24, na kuusogeza mpira kwa bahati mbaya karibu na tundu kukaacha kuadhibiwa. Mchezo haukufa.

Basi nasema: mpira ulio kovuni katikati ya njia uondolewe bure, kama utolewavyo katika shimo la panya. Hesabu iliyokosewa pasipo hila isahihishwe kila ushahidi upatikanapo kabla ya mshindi kutangazwa. Na mpaka uwe na adhabu sawa na maji.

Msije mkadhani kwamba nawafundisha kuvunja sheria. De Vicenzo alijilaumu nafsi yake, hakuwalaumu waamuzi, na heshima yake ikazidi ya washindi wengi. Sheria yatiiwa maadamu ipo, lakini kuitii si kunyamaza. Watoto wachezao mpira mitaani kwetu, punda akikatiza na mpira ukamgonga, huurudia mchezo pale pale pasipo kungoja waraka. Wao wajua ya kuwa kosa la punda halimhusu mpigaji. Yawapasa watungao sheria huko ng'ambo wajue ya kuwa kosa la mtu mwingine nalo halimhusu.