Jaji Aulizwe Nini?

Miaka ile ya chama kimoja hapakuwa na raia aliyemhoji jaji. Jina lilitoka Ikulu, nasi tukalisikia redioni kama tulivyosikia habari za mvua. Mwaka 1988 Bunge liliwaondolea majaji hata ile kinga ya kutofutwa kazi ovyo. Wakarudishiwa mwaka 1990 baada ya kelele nyingi, na sehemu kubwa ya kelele hizo ilitoka mimbarini. Deni hilo kwa makanisa hatulisahau. Kwa hiyo tunayoyasema hapa tunawaambia ndugu zetu, wala si maadui.

Katiba ya 2010 ilitupa tulichokililia. Jaji Mkuu hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, akaidhinishwa na Bunge la Taifa, ndipo Rais akamteua. Basi ilikuwaje mwaka 2011, mara ya kwanza mlango huo ulipofunguliwa, gumzo kubwa likawa kipuli cha sikioni mwa Dkt. Willy Mutunga? Huyu alikuwa mhadhiri wa sheria aliyetiwa kizuizini mwaka 1982, katika mapambano yale yale tunayojivunia. Alilelewa katika Ukristo, baadaye akasilimu; na kuhusu kipuli alieleza kwamba kinamuunganisha na wazee wake waliotangulia, wala hangekivua ili apate cheo. Viongozi kadha wa makanisa walimpinga. Aliapishwa Juni mwaka huo hata hivyo, lakini sisi tuliokuwa tumesimama pamoja na makanisa hayo tuliona haya.

Mwaka 2016 ikawa zamu ya Jaji David Maraga, mzee wa Kanisa la Waadventista. Tume ilimuuliza: kesi ya urais ikiangukia Jumamosi, utaketi? Akajibu bila kuzungukazunguka kwamba ingemwia vigumu kuvunja Sabato, ila angeelewana na wenzake. Wako waliokasirika kwamba aliulizwa. Sisi hatukukasirika. Kesi hiyo hupewa siku 14 tu, na hakuna siku 14 zisizo na Jumamosi mbili. Lilikuwa swali la kazi. Mwaka uliofuata kesi ilikuja, na Ijumaa tarehe 1 Septemba 2017, ndani ya muda uliowekwa, mahakama yake ikaubatilisha uchaguzi wa urais, majaji wanne kwa wawili.

Tofauti ndiyo hiyo. Kumuuliza mtu kama imani yake itamzuia kutimiza wajibu fulani unaojulikana ni haki ya wananchi. Kumuuliza anaamini nini, anasali wapi, kwa nini aliiacha dini ya wazazi wake, ni kumrudisha kwenye kipande cha kikoloni, safari hii kipande cha roho. Kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini yake. Cheo cha mahakama ambacho Katiba yenyewe imekiwekea sharti la dini ni cha Kadhi, na hapo sababu iko wazi: anaamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu waliokubali kufika mbele yake.

Tunajua jibu la waumini wengi: tabia ya mtu haitengani na imani yake, na Katiba inadai jaji mwadilifu. Ni kweli. Lakini uadilifu una alama zake: hukumu alizoandika, mali aliyo nayo, watu aliowaogopa na wale ambao hakuwaogopa. Je, wangapi katika Kenya hii walioiba wakiwa na Biblia kwapani?

Hapa Kambi Muru, mahali palipopewa jina enzi za askari Wanubi, adhana na ngoma za kanisa husikika katika uchochoro mmoja. Julai 2018 matingatinga yalipobomoa nyumba za Kibera kupisha barabara, hayakuuliza nani Mkristo na nani Mwislamu. Aliyelala nje usiku ule alihitaji jaji wa kutoa amri ya kuzuia ubomoaji hata kama mbomoaji ni Serikali.

Tume hutangaza majina ya waliofika kwenye mahojiano na kualika maoni ya umma. Tunayaomba makundi ya parokia, jumuiya za misikiti na kamati zetu za mtaa yakae pamoja yasome hukumu za kila mmoja, yakianza na kesi za wapangaji waliofurushwa, kisha yaandike maswali yao na kuyafikisha kwa Tume kabla ya siku ya mwisho.