Mkulima wa tumbaku wa Pate alipwe

Mgeni akitua Lamu hakosi kuonyeshwa siwa, baragumu la kale la Pate. Imo makumbushoni, imechongwa kwa pembe za ndovu, ndefu kumshinda anayeitazama. Watu huipiga picha na kuisifu. Nadra kumsikia mtu akiuliza mji uliokuwa ukiipuliza uko wapi na una hali gani.

Mimi ni mzaliwa wa Siyu, kisiwani Pate, nimefundisha historia mpaka nikastaafu, na neno langu ni hili: tangu mji wa Lamu uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, visiwa vingine vimebaki kuwa kivuli chake. Ngome ya Siyu imekarabatiwa, hilo nashukuru. Na ndiyo haki ya mji uliorudisha nyuma majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, miaka ya 1840. Lakini nenda mji wa Pate wenyewe.

Ndani ya mji wa kale, baina ya kuta za Wanabahani, watawala wake wa zamani, wakulima wamepanda tumbaku. Nilimkuta mzee mmoja akipalilia chini ya ukuta wenye zidaka, chokaa yake ingali na nakshi safi kama iliyokatwa juzi. Hatua chache kutoka hapo, ukuta ambao haulimwi umeshikwa na mizizi na kupasuka katikati. "Mwalimu," akaniambia, "nikiliacha shamba hili msimu mmoja tu, ukija tena hapa utakuta msitu."

Wataalamu wengi wangependa aondoke. Wana hoja: jembe huvunja, na mawe ya magofu huhama usiku. Ninazijua nyumba mpya zenye mawe yaliyozizidi umri kwa karne kadhaa. Hata hivyo, ukimwondoa mzee huyu utamweka nani? Askari wa kutoka Lamu anayesubiri maji yajae ndipo apite mlango-bahari wa Mkanda?

Kilicho hatarini zaidi kiko chini ya udongo. Pale Shanga, upande wa pili wa kisiwa hikihiki, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba miaka ya 1980 akakuta msikiti chini ya msikiti, mpaka akafikia wa kwanza uliojengwa kwa miti katika karne ya nane. Zikapatikana na sarafu ndogo za fedha zilizopigwa papo hapo. Waliozoea kutuambia kwamba miji yetu ilikuja na majahazi ikiwa tayari walijibiwa na udongo. Udongo wa Pate nao una yake ya kusema, mradi usivurugwe kabla ya kuchimbwa na wanaojua.

Kwa hiyo tumpe mkulima mkataba. Kaunti na Makumbusho ya Taifa wamlipe posho ya ulinzi kila mwezi. Naye afyeke vichaka kutani, asichimbe zaidi ya kina cha jembe, asitoe jiwe, na akiona kigae au sarafu aiache ilipo na kupiga simu. Mipaka ya mashamba ichorwe naye akiwepo, kwa kuwa anajua ukuta upi umelala chini ya tuta lipi. Bajeti ijayo ya kaunti ikisomwa, nitakuwa natafuta mstari huo mmoja. Mabango ya utalii yanaweza kungoja.