Tuwatume wazee wetu, mume na mke, kabla hawajatutoka

KUNA jambo moja wanaloliweza Wamormoni ambalo makanisa yetu ya mwambao huu, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, hayajataka hata kulijaribu. Kanisa hilo la Marekani, mbali na vijana wake wanaotembea wawili wawili na tai shingoni, huwatuma pia wazee: mume na mke waliostaafu, watoto wao wamekwisha kuoa na kuolewa. Wanafunga nyumba, wanakwenda nchi ya mbali kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja na nusu, na gharama wanajilipia wenyewe. Wako waliotumikia Kenya, Uganda na Kongo. Hawalazimiki kupiga hodi mlango kwa mlango kama vijana. Wengine hushika vitabu vya ofisi, wengine husimamia miradi ya maji, wengine huwa baba na mama kwa wale vijana ambao hawajawahi kulala mbali na kwao.

Sizungumzii imani yao. Anayetaka kubishana juu ya hilo na atafute ukurasa mwingine. Nazungumzia utaratibu, na utaratibu wenyewe si mgeni Burundi. Waquaker walipofungua Kibimba mwaka 1934, kiongozi wao alikuwa Arthur Chilson pamoja na mkewe Edna. Chilson alikuwa amekwisha kupita miaka 60. Ujana wake aliumaliza Kenya, alikokuwa miongoni mwa watatu walioanzisha Kaimosi mwaka 1902. Alifia Burundi mwaka 1939. Mwaka uliofuata kufunguliwa kwa Kibimba, Wamethodisti Huru walianza Muyebe kwa mkono wa John Wesley Haley na mkewe Jennie, naye alikuwa anakaribia miaka 60, baada ya miaka mingi Msumbiji na Afrika Kusini. Kwa hesabu ya leo hao ni watu wa kukaa barazani na kusubiri wajukuu waje na sukari.

Sisi tunafanyaje? Mlima ukiwa na ugomvi, kanisa linapeleka kijana mwenye kipaza sauti. Anahubiri Jumamosi na Jumapili, anaombea wagonjwa, anakula kuku, Jumatatu amerudi Bujumbura. Kijana huyo simlaumu, kazi aliyopewa ameifanya. Lakini ugomvi wa mwambao huu hauishi kwa kipaza sauti.

Msomaji anaujua, hata hivyo tuutaje. Mwaka 1972 mwambao huu ndio uliowaka kwanza. Waliokimbilia Tanzania waliacha mashamba na michikichi. Mashamba hayo mengine yalikaliwa na majirani, mengine walipewa watu kutoka milima mingine, mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi ya serikali. Mwaka 2008 na 2009 wakarudi zaidi ya watu 50,000 kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo, huku takriban 162,000 wakichagua uraia wa Tanzania na kuupata. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, mwanzoni ilipenda kugawanya shamba kati ya pande mbili. Kuanzia mwaka 2011, chini ya uongozi mwingine, ikaelekea zaidi kumrudishia mwenye asili. Kwa njia zote mbili palibaki mtu analia, na watu hao wawili wakaendelea kuchota maji bomba moja na kukaa benchi moja kanisani. Au waliacha kukaa benchi moja, na hapo ndipo kanisa linapohusika.

Nani anaweza kuingia katika nyumba mbili kama hizo? Kwa desturi yetu mtu asiye na mke hakuvikwa ubushingantahe. Wazee walikuwa na sababu. Mzee akikaa na mzee mwenzake uani, yatasemwa maneno ya heshima tu. Maneno yenyewe yako jikoni: nani alimtukana nani kisimani, mtoto wa nani alikatazwa kucheza na wa nani, mkungu wa mawese ulikatwa usiku na nani. Huko anaingia mama, tena mama mtu mzima. Jioni mume na mke wakikutana kwa chakula ndipo ugomvi unapojulikana mzima. Mwinjilisti bachela wa miaka 24, hata awe na upako wa kiasi gani, nusu hiyo hataipata.

Na wazee wa kazi hiyo tunao. Mimi ni mtoto wa Mishamo, nimesomea huko kwa Kiswahili hadi nilipokuwa mwalimu, na makanisa niliyokulia yaliendeshwa na wanandoa wakulima. Mchana jembe, jioni ibada, usiku kwenda kwa jirani aliyefiwa. Mshahara haukuwapo. Waliporudi mwaka 2008, wengi waliambiwa vyeti vyao vya uongozi havitambuliki, Kiswahili chao kikachekwa, wakakaa benchi la nyuma. Baadhi wako kijiji cha amani cha Mutambara, nyumba imeshikana na nyumba, wanaishi na waliobaki nchini na waliokuwa wakimbizi wa ndani, nao wamejifunza kuishi nao. Aliyekimbia akiwa na miaka 20 leo amepita 70. Tuna miaka michache tu ya kuwatumia.

Sasa, tusijidanganye. Yule Mmarekani anajilipia kwa sababu ana pensheni. Mkulima wa Mutambara hana. Kumtuma mzee na mkewe mlima wa mbali bila posho, bila nyumba na bila dawa ya presha, kisha kuita jambo hilo wito, ni kuwageuza ombaomba wa kanisa. Afadhali tusiwatume. Haley alisisitiza kanisa lijitegemee, na maneno hayo viongozi wetu wanayapenda sana wakati wa kukusanya sadaka. Kujitegemea kuanze kwa kuwalisha watumishi hawa wawili.

Jambo la pili ni wenzao wa kazi. Mlimani watamkuta katekista au mwinjilisti kijana aliyekuwapo kabla yao, na ataona amepelekewa wasimamizi. Ana haki ya kuogopa, kwa maana wazee wetu nao hawajambo kwa kupenda mimbari. Barua ya kuwatuma iseme wazi kwamba mahubiri ya Jumapili yanabaki kwa aliyekuwapo, na wazee kazi yao ni nyumba kwa nyumba. Akila na Prisila, mume na mke waliofukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio, ndivyo walivyomfanyia Apolo: walimwachia hotuba zake, wakamchukua pembeni wakamfundisha alichopungukiwa. Walikuwa wakimbizi, walishona mahema kwa riziki yao, na Paulo aliwaita watenda kazi pamoja naye. Hapa Rumonge penyewe, waliouawa tarehe 4 Mei 1881 katika misheni ya kwanza ya Mapadre Weupe walikuwa watatu, mapadre Deniaud na Augier, na d'Hoop, ambaye hakuwa padre bali mlei msaidizi. Tangu mwanzo kazi hii haikuwa ya cheo kimoja.

Tusiwasahau pia wenzetu waliobaki Mishamo na Katumba. Wako wanandoa huko, raia wa Tanzania leo, ambao wangekuja kukaa miezi mitatu na kurudi. Wakija katikati ya ndugu aliyerejea na jirani aliyebaki, wao shamba hapa hawadai, na hilo peke yake litawafungulia milango mingi. Karatasi za kukaa na kufanya kazi ya kanisa makanisa yao yaziombe mapema, siyo mzee ahangaike nazo mpakani.

Nanyi mnaovusha mawese, vitenge na dagaa kati ya Rumonge, Kigoma na Uvira, mnajua bei ya kila kitu. Kaeni na wazee wa makanisa yenu, mpige hesabu ya wanandoa wawili kwa mwaka mmoja: unga, maharage, kodi ya chumba, kadi ya matibabu, nauli ya kuwasalimia watoto mara mbili. Mkiipata hesabu hiyo, ipelekeni mbele ya baraza la kanisa kabla halijapitisha bajeti ya kipaza sauti kingine.