Lisansi ya binti yako iko mkononi mwa nani?

Juma hili tuzungumze juu ya basiketi. Wengi wetu tuna binti anayetoka masomo na kukimbilia kiwanjani, lakini ni wachache wanaojua nani anaamua mambo ya mchezo huo.

Mtoto ni wa klabu. Klabu iko chini ya antanti ya mji, antanti chini ya ligi ya jimbo, na ligi zote chini ya Shirikisho la taifa, lile liitwalo FEBACO. Shirikisho nalo linafuata sheria za FIBA, chama cha dunia nzima. Karatasi inayomfunga mtoto na ngazi zote hizo ni lisansi. Pasipo lisansi anaweza kufanya mazoezi mwaka mzima, lakini mechi rasmi hataingia. Basi muulize kocha: imeombwa kwa jina gani, na kwa tarehe gani ya kuzaliwa? Sisi walimu tunaona watu wanaopunguza miaka ya mtoto ili aingie timu ya chini ya miaka 16 au 18. Tarehe isiyopatana na cheti cha kuzaliwa itamsumbua siku ya kutafuta paspoti.

Na hapo tunafika kwenye safari. Anakuja mtu amevaa vizuri, anasema atampeleka mtoto Ulaya kucheza. Sheria ya FIBA inakataza mchezaji ambaye hajatimiza miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu za pekee zinazochunguzwa na FIBA yenyewe. Hata aliyetimiza miaka hiyo anahitaji barua ya kuachiliwa kutoka kwa Shirikisho la nchi alikokuwa na lisansi. Kwa hiyo mtu akisema, "Mama, Shirikisho wasijue kwanza," amekwisha kujitambulisha. Msimpe hata picha ya mtoto.

Hatuwakatishi tamaa. Wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, timu ya wanawake ilichukua kombe la Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994, ikafika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Kule walishindwa mechi zote, ndiyo. Lakini Mwadi Mabika, mtoto wa Kinshasa aliyekuwa katika timu ile, baadaye alichukua ubingwa wa Marekani mara mbili na Los Angeles Sparks, 2001 na 2002.

Jezi za Atlanta, hata hivyo, zililipwa na marehemu Dikembe Mutombo kwa mfuko wake. Tunamshukuru sana. Ila timu ya taifa kuvalishwa na mtu mmoja, hiyo si kazi yake, na wamama tuna haki ya kuuliza. Ligi ya jimbo letu imepanga mechi ngapi za wasichana msimu huu, na ngapi za wavulana? Katika kamati yake wako wanawake wangapi? Kikundi kikiandika barua moja yenye sahihi ishirini, ni vigumu kuitupa.

Na mkienda kuomba lisansi, pelekeni kopi ya cheti cha kuzaliwa. Cheti chenyewe kibaki nyumbani.